Pacha wa tangi la maziwa: kumbukumbu ya mradi, awamu ya pili

Pacha, yaani nakala ya tangi ndani ya kompyuta inayofuata vipimo vya tangi lenyewe, ameanza kujibu maswali. Kwa aliyekosa awamu ya kwanza: shangazi anauza maziwa kwa ATM, mashine ya kumpimia mteja maziwa, pale Umoja, Nairobi, tangi la lita 200, na kila stima ikipotea anabaki na swali moja. Awashe jenereta sasa hivi, au asubiri kidogo? Petroli ni pesa. Lakini maziwa yakikaa juu ya nyuzi 4 bakteria huzaana haraka, na hasara utaijua kesho wateja wakirudi na vibuyu mkononi.

Vifaa ni ESP32 moja, kijikompyuta chenye Wi-Fi, na vihisi joto viwili aina ya DS18B20, vyote vya kununuliwa barabara ya Luthuli mjini. Kimoja kimebanwa kwenye ukuta wa nje wa tangi la chuma na kufunikwa sponji, cha pili kinapima hewa ya dukani. Ndani ya maziwa sitii kitu, hicho ni chakula cha watu. Kihisi hiki kinaruhusiwa kupotoka hadi nusu nyuzi, kwa hiyo desimali ya pili hainikoseshi usingizi. Vipimo vinasafiri kwa MQTT, njia nyepesi ya vifaa kutumiana ujumbe, hadi kwenye laptopu.

Hesabu ni ile kanuni ya Newton ya kupoa, ila hapa inaenda kinyume: hewa ikizidi maziwa kwa joto, maziwa hupanda. Utamu uko kwenye kiasi. Joto linapenya ukutani tangi likiwa limejaa au limebaki robo, lakini lita 50 hazina ubavu wa lita 200; kasi ya kupanda inaweza kukaribia mara nne. Stima ikienda asubuhi, gari likiwa limetoka tu kushusha, shangazi anaweza kunywa chai yake taratibu. Ikienda saa kumi na mbili jioni, tangi likiwa limebaki kidogo, akimbilie jenereta. Zamani alikuwa akingoja muda uleule, asubuhi na jioni.

Kiwango cha maziwa sikukitafutia kihisi. ATM inahesabu kila lita inayouzwa. Natoa hizo kwenye zilizoshushwa, basi.

Sasa kidogo kuhusu jina la pacha, au pacha wa kidijitali kwa kirefu. Wazo lenyewe Michael Grieves alilieleza mwaka 2002 huko Michigan, akizungumzia kusimamia bidhaa ya kiwandani tangu mchoro hadi kutupwa, na leo kampuni za injini za ndege hulitumia kujua injini ipi ihudumiwe lini. Wauzaji wa mifumo siku hizi wanaita pacha kila skrini yenye grafu. Mimi sikubali. Data ikitoka kwenye kifaa kwenda kompyuta tu, hicho ni kivuli. Pacha ni pale kompyuta nayo inapokiamuru kifaa. Kwa kipimo hicho, hata changu bado ni kivuli, ijapokuwa kinajua kutabiri.

Ndiyo maana kazi inayofuata ni rilei, swichi ambayo kompyuta inaweza kuiwasha na kuizima. Kenya Power hutangaza mapema maeneo yatakayokatiwa stima kwa matengenezo. Nataka tangazo likitaja Umoja, pacha alipoze tangi hadi nyuzi 2 kabla ya saa hiyo, ili tuanze na akiba ya baridi. Kwenye laptopu jaribio hilo linaongeza muda wa kutosha hata jioni.

Shangazi amekubali, kwa sharti moja: "Swichi ya mkono ibaki palepale, na usiifiche nyuma ya mtungi."