Mbu wa birikani na siku 3 za kuunda yai

Yule mbu wa mchana, mwenye madoa meupe miguuni, anaitwa Aedes aegypti. Mlipuko wa chikungunya hapa Lamu mwaka 2004 ulikuwa kazi yake, na malezi yake ni maji tunayoweka wenyewe: birika (tangi la maji la nyumbani), pipa, mtungi. Anayetaka kumpunguza inafaa ajue yai lake linavyoundwa, kwa sababu dawa inayowekwa majini inacheza na homoni zake.

Jike aliyetoka leo kwenye pupa, hatua ya mwisho majini kabla ya kuwa mbu, hana yai. Tezi mbili ndogo nyuma ya ubongo humwaga homoni ya uchanga, na kwa siku 3 hivi vifuko vya mayai hukua hadi sehemu 1 ya 10 ya milimita, kisha husimama. Utamu wa maua humtia nguvu ya kuruka, lakini protini ya kujazia yai huitoa kwenye damu yetu.

Akishakunywa damu, homoni ya uchanga hushuka na ubongo hutuma homoni nyingine inayoamrisha ovari kutoa homoni iitwayo ekdisoni. Mbu akikatwa kichwa mara tu baada ya kula, mayai hudumaa. Akikatwa saa 12 baadaye, yanaendelea kukua, maana amri imekwisha kufika. Ekdisoni iliyokamilika hufikia kilele kati ya saa ya 18 na ya 24. Hapo tishu ya mafuta tumboni hutengeneza kwa wingi vitelojenini, protini ya kiini cha yai, ambayo ovari huivuta ndani. Ikifika siku ya tatu, mayai 100 hivi yako tayari.

Pairiproksifeni, ile dawa ya kuwekwa majini, huiga homoni ya uchanga. Kiluwiluwi anahitaji homoni hiyo iishe mwilini ili ageuke mbu; dawa ikiwapo haiishi, naye hufia kwenye pupa. Ndiyo maana watu wengi huiacha mapema: wanachungulia pipa baada ya siku 2, wanaona viluwiluwi wanacheza, wanasema dawa ni bure. Usihesabu viluwiluwi. Chota pupa, waweke kwenye kikombe kilichofunikwa kwa chandarua, uone wangapi wanaruka.

Kipimo kisichovukwa kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Kwa chembechembe zenye asilimia 0.5 ya dawa, hiyo ni gramu 2 kwa lita 1,000, au gramu 0.4 kwa pipa la lita 200. Usikisie kwa kijiko. Tumia mizani ya sonara. Na piga hesabu kwa ujazo wa chombo kizima, si kwa maji yaliyobaki.

Birika lenye samaki wa kula viluwiluwi, kama walivyofanya wazee, mimi nisingelitia kitu.

Lililobaki ni ukuta. Jike hutaga juu kidogo ya usawa wa maji, na yai lililokauka hustahimili miezi mpaka maji yapande tena. Dawa ya majini hailigusi. Maji yakipungua kabla ya masika, sugua kuta kwa brashi ngumu, kisha mwaga uchafu wake juani kwenye mchanga, mbali na chombo chochote cha maji.