Boti ya jeti mtoni: mtoto yumo, bibi yumo

Watu wananiuliza sana, eti kwenye mambo ya mto kuna kitu gani familia nzima inaweza kufanya pamoja bila wengine kubaki ukingoni wanalinda mabegi, na jibu langu halibadiliki, tafuteni boti ya jeti. Kupiga kasia kwenye maporomoko mi naipenda mno lakini tuseme ukweli, inataka mikono yenye nguvu, inataka mtu anayejua kuogelea, na bibi wa miaka sabini humwambii aruke majini. Kwenye boti ya jeti abiria kazi yake ni moja tu, kukaa na kushika chuma kilichopo mbele yake, basi, mengine yote ni ya dereva. Ndo maana msisimko anaoupata kijana wa miaka ishirini ndo uleule anaoupata bibi yake pembeni.

Sasa hebu niwaeleze mashine yenyewe maana ukiielewa unaifurahia mara mbili. Chini ya hii boti hakuna propela inayoning'inia, kuna tundu lenye chekeche la chuma, injini inazungusha pampu, pampu inafyonza maji ya mto na kuyatema nyuma kwa kasi kupitia mdomo mwembamba, boti inachomoka. Dereva akitaka kona anaugeuza ule mdomo. Akitaka kusimama au kurudi nyuma anashusha kitu kama kikombe kinachoyarudisha maji mbele, na hapo ndo mtajua kwa nini mliambiwa mshike. Na kwa vile chini hakuna kinachoning'inia, boti ikishashika spidi inapita kwenye maji ya sentimita 10 hivi, yaani unaona kabisa mawe ya chini yanapita na wewe uko juu yake kwa spidi ya gari barabara kuu, akili inakataa.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Boti ya jeti inakata kona kwa nguvu ya maji yanayotoka nyuma, kwa hiyo dereva akiachia mafuta usukani wake unakuwa hauna kazi tena. Kwa hiyo ukiona jabali linawajia na injini ndo kwanza inanguruma zaidi, usidhani dereva kachanganyikiwa, hapo ndo anageuza! Mi nikishajua hilo nafuatilia mkono wake tu, raha tupu.

Aliyeifanya ikawezekana ni mfugaji wa kondoo wa New Zealand, Bill Hamilton, miaka ya 1950 huko Kisiwa cha Kusini. Mito ya kwao ina kasi na maji machache, propela zinavunjika kwenye mawe, yeye akawa anataka boti itakayopanda mto badala ya kuuteremka tu. Akahangaika mpaka akauweka ule mdomo wa kutemea maji juu kidogo ya usawa wa maji badala ya chini ya boti, na hapo spidi ikapanda. Mwaka 1960 boti zake zikapanda mto Colorado kule Marekani kupitia korongo kubwa la Grand Canyon, kinyume na mkondo, na mwaka 1977 Edmund Hillary, yuleyule aliyepanda mlima Everest, akaongoza boti za jeti kuupanda mto Ganges kule India kutoka baharini kuelekea milima ya Himalaya. Kule kuzunguka palepale nyuzi 360 mpaka kila mtu anapiga kelele bado kunabeba jina la Hamilton. Dereva akinyoosha kidole juu na kukizungusha, shika chuma.

Siyo mito yote ni ya vurugu lakini. Mto Shotover kule Queenstown, New Zealand, unapita kwenye korongo jembamba, boti inapita karibu na ukuta wa mwamba mpaka unainamisha kichwa bila kupenda. Ila mto Rogue kule Oregon, Marekani, ambako boti za kawaida zilianza kupeleka barua tangu 1895, kuna safari ndefu za boti za jeti za kutazama ndege na wanyama, na wazee wengi mi naona wangeanzia za aina hiyo.

Nikisema umri wowote simaanishi hali yoyote, tafadhali. Mjamzito asipande, mwenye mgongo au shingo mbovu asipande, aliyetoka kufanyiwa upasuaji asubiri, na kwa watoto waendeshaji wengi wanaangalia kimo kwa hiyo ulizeni mapema kabla hamjalipa, mtoto akirudishwa mlangoni analia siku nzima. Jaketi la kujiokolea limbane vizuri, la mtoto hasa, likipanda mpaka masikioni ukilivuta basi ni kubwa, ombeni lingine. Mwenye uoga akae nyuma maana mbele kunadunda zaidi. Vaeni nguo za kuzuia upepo hata jua likiwa kali, miwani iwe na kamba, na simu achaneni nayo kabisa, mikono yote miwili ina kazi.