Kumbukumbu ya nondo niliyemdhania ndege

Siku ya 1. Nilijua kabisa ni ndege mvumaji. Ananing'inia hewani mbele ya ua, anafyonza, anahamia jingine, hatui. Kisha nikaona vipapasio. Ndege gani ana vipapasio? Picha kumi na nne, zote ukungu mtupu.

Siku ya 3. Leo nimepandisha kasi ya kamera hadi 1/2000 ya sekunde na nimeacha kumkimbiza. Nimesimama kando ya maua nikamngoja. Picha moja imetulia. Mrija mrefu umezama ndani ya ua, nyuma kuna kishada cha manyoya kilichotanuka kama upepeo, na katikati ya bawa pako wazi hadi jani la upande wa pili linaonekana. Ni nondo (si zile za kujengea). Jioni yote ikaishia kwenye familia ya Sesiidae, kwa kuwa nao wana mabawa angavu. Bure! Wale huiga nyigu. Huyu mnene ni wa Sphingidae, jenasi ya Hemaris.

Siku ya 4. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Amerika Kaskazini ina Hemaris kadhaa, na wawili wananisumbua: H. thysbe na H. diffinis. Kwa kawaida thysbe ana mgongo wa kijani cha zeituni na tumbo la rangi ya damu ya mzee, na diffinis ni manjano na nyeusi, kama nyuki mnene mwenye manyoya. Wangu yuko katikati: jua likimpiga ni wa manjano, kivulini ni wa kijani. Rangi siiamini tena. Uwazi wa bawa nao hausaidii, wote wanao. Hutoka kwenye bundo (ganda la kiwavi anayegeuka nondo) wakiwa na vigamba bawa zima, kisha vile vya katikati hupukutika wakianza kuruka.

Kinachowatenganisha ni miguu. Ya thysbe imepauka, karibu nyeupe. Ya diffinis ni myeusi, tena ana utepe mweusi unaoanzia jichoni na kupita ubavuni. Na mimi picha zangu zote nimepiga kutoka juu.

Siku ya 9. Nimechuchumaa hadi magoti yakalia. Miguu imepauka, ubavu hauna utepe, na ukingo mwekundu wa bawa una meno meno upande wa ndani. Hemaris thysbe, kama mtaalamu wa wadudu Fabricius alivyomwelezea mwaka 1775. Nilipiga kelele peke yangu.

Siku ya 10. Nimerudia picha za zamani ili nizipe zote jina hilo. Ile ya siku ya 6, ambayo sikuijali kwa sababu imekata kichwa nusu, ina miguu myeusi. Kumbe walikuwa wakipokezana kwenye maua yaleyale. Picha sita ambazo miguu haionekani nimeziandikia Hemaris tu, na kesho nachuchumaa tena.