Krismasi ya penseli za rangi: The Snowman ilivyochorwa, na jinsi ya kuijaribu sekunde moja nyumbani

Isimamishe katuni ya The Snowman (Mtu wa Theluji) mahali popote, kisha usogeze macho karibu na kioo. Utaona mistari ya penseli. Shavu la mtoto limejazwa mistari mifupi iliyolala upande mmoja. Theluji nayo si nyeupe hata kidogo: ni buluu, kijivu na zambarau hafifu zimepishana. Sasa iache iendelee. Mistari inaanza kutetemeka, hata pale mtu amesimama tu na hafanyi lolote. Mtetemo huo ndio uhai wa filamu nzima. Mtu akikuuliza kwa nini katuni ya mwaka 1982 bado inawashika watoto waliozoea katuni za kompyuta, mwoneshe hapo kwanza.

Kitabu kilitangulia mwaka 1978. Mwandishi na mchoraji wake, Mwingereza Raymond Briggs, alikuwa ametoka kumaliza Fungus the Bogeyman, kitabu cha matope, uchafu na maneno chungu nzima. Safari hii akataka kitu safi na kimya. Akaacha wino, akashika penseli za rangi peke yake, na kitabu kizima hakina neno. Mtoto anaamka, anakuta theluji, anajenga mtu wa theluji. Usiku wa manane mtu huyo anapata uhai, wanacheza nyumbani, wanaruka angani, wanarudi. Asubuhi ameyeyuka.

Studio ya TVC ya London, ileile iliyotoa Yellow Submarine mwaka 1968, ndiyo iliyokigeuza kuwa filamu ya dakika 26. Mtayarishaji alikuwa John Coates, mwongozaji Dianne Jackson. Ilioneshwa tarehe 26 Desemba 1982 kwenye Channel 4, kituo cha televisheni cha Uingereza ambacho hakikuwa kimetimiza hata miezi miwili hewani.

Shida yao ya kwanza ilikuwa penseli yenyewe. Katuni za zama zile zilichorwa hivi: mstari wa nje unanakiliwa juu ya karatasi ya plastiki angavu, kisha rangi nzito inapakwa kwa nyuma. Rangi inatoka bapa. Kopo namba fulani la leo na la kesho ni rangi ileile, kwa hiyo wapakaji kumi wanaweza kugawana koti moja na mtazamaji asijue. Penseli na krayoni hazina namba ya kopo. Kila picha lazima ijazwe upya kwa mkono, mstari kwa mstari, na hakuna mikono miwili inayokandamiza sawa.

Piga hesabu uone uzito wake. Picha 12 kwa sekunde, mara sekunde 60, mara dakika 26, unapata 18,720. Hiyo ni kwa tabaka moja tu la mchoro. Mtoto akiwa kwenye tabaka lake na mtu wa theluji kwenye lake, idadi inakua maradufu katika onyesho hilo. Na mandhari ya nyuma ilibidi ichorwe kwa zana zilezile, kwa sababu mhusika wa krayoni mbele ya ukuta wa rangi ya maji huonekana kama kibandiko.

Shida ya pili ilikuwa urefu. Kitabu kile unakimaliza kwa dakika chache ukiwa na mtoto mapajani, kwa hiyo ilibidi mambo yaongezwe, na hapo ndipo hadithi ilipogeuka kuwa ya Krismasi. Kwenye kitabu hakuna Krismasi kabisa. Wawili hao wanaruka hadi kwenye gati ya Brighton, kusini mwa Uingereza, wanatazama bahari, wanarudi. Kwenye filamu wanapita Brighton kisha wanashika njia ya kaskazini, wanafika kwenye sherehe ya watu wa theluji, na Baba Krismasi anampa mtoto skafu. Briggs mwenyewe hakuvutiwa sana na nyongeza hiyo ya Krismasi. Namwelewa, lakini skafu naitetea kwa nguvu zote. Kitabuni, asubuhi ile unaweza kujiambia kwamba mtoto aliota. Kwenye filamu anatia mkono mfukoni, anaivuta skafu, na njia ya kukimbilia imefungwa: yote yalitokea, na rafiki amekwenda kweli. Kitambaa kimoja kimefanya kazi ambayo maneno yangeiharibu.

Pikipiki pia ni nyongeza, na wengi huiona kama kijazio tu. Itazame tena. Joto la injini linaanza kuyeyusha paja la mtu wa theluji, na inabidi akalale ndani ya friza apoe. Kabla ya hapo amekwisha kuliogopa joto la mekoni. Mtoto anayetazama anafundishwa hatari taratibu, kwa mchezo, kabla ya asubuhi kufika. Hata jina la mtoto, James, halitamkwi na mtu: linasomeka tu kwenye kikaratasi cha zawadi.

Kwa kuwa hakuna mazungumzo, muziki wa Howard Blake ndio unaobeba hatua, hofu na kicheko. Tafadhali usipige soga wakati unapigwa. Hii ni mojawapo ya filamu chache za sikukuu ambazo mtoto asiyejua Kiingereza hapotezi kitu, isipokuwa maneno ya wimbo mmoja, Walking in the Air, wakati wa kuruka, na utangulizi mfupi wa kusemwa unaobadilika kutegemea toleo. Na tumalizie ubishi wa kila Desemba, kama aliyeimba ni Aled Jones au la: sauti ya mvulana ndani ya filamu ni ya Peter Auty, aliyekuwa mwanakwaya wa kanisa kuu la St Paul's, London. Jones alirekodi wimbo huohuo baadaye, na mwaka 1985 ulifika namba 5 kwenye chati ya Uingereza. Jina la Auty halikuwekwa kwenye filamu hadi toleo la mwaka 2002, ndiyo maana watu walikosea kwa miaka yote hiyo.

Sasa penseli mkononi. Kuielewa filamu hii vizuri, chora sekunde moja. Skafu inayopepea inatosha, maana ni umbo jepesi na linajirudia.

Chukua karatasi 6 za kawaida za gramu 70 au 80, zikate nusu upate 12. Usitumie karatasi ya kuokea, ina utelezi na penseli haishiki. Toboa kila moja kwa panchi, ukiisukuma hadi mwisho kila mara, kisha zipange kwenye misumari miwili au penseli mbili fupi zilizogandishwa kwenye ubao. Matundu hayo ndiyo yatakayokuokoa. Karatasi ikicheza milimita moja, skafu yote itaruka kwenye kioo. Ili uone mchoro wa chini unapochora wa juu, weka taa chini ya meza ya kioo.

Usianze na picha ya 1 ukaenda moja kwa moja hadi 12, kwa sababu umbo litanenepa kidogo kidogo na mwisho hautaungana na mwanzo. Chora ya 1 na ya 7 kwanza, ncha ikiwa juu kabisa na chini kabisa. Kisha ya 4 na ya 10. Zilizobaki zitaingia katikati, na ya 12 ielekee kurudi kwenye ya 1. Hadi hapo ni mstari wa nje tu, kwa kijivu hafifu.

Ndipo ujaze rangi, zisizidi tatu. Chagua mwelekeo mmoja wa mistari, tuseme kutoka juu kulia kwenda chini kushoto, na usiuache kwenye picha zote 12. Hapa ndipo wengi huharibu. Mwelekeo ukibadilika, mtetemo mtamu unageuka vurugu na jicho linachoka. Chonga penseli baada ya kila picha mbili, maana ncha butu huweka rangi zaidi na skafu itawaka na kufifia kama taa mbovu. Weka karatasi safi chini ya kiganja usipake vumbi la rangi.

Piga picha kwa simu iliyofungwa juu ya stendi, kwenye programu yoyote ya kupiga fremu moja moja. Fanya usiku, kwa taa moja, pazia limefungwa. Mwanga wa dirishani hubadilika kila wingu linapopita, na utauona mrukoruko huo wazi. Bonyeza kioo cha simu kwa muda hadi mwanga na fokasi vifungwe. Weka kasi ya fremu 24, kila mchoro fremu mbili, rudia mzunguko mara nne.

Ukitaka skafu ipepee mbele ya mandhari, utahitaji plastiki angavu ya jalada la faili. Laini haishiki penseli, kwa hiyo isugue upande mmoja kwa msasa laini hadi ipate ukungu. Ukungu huo utafifisha mandhari kidogo, basi ongeza rangi zake. Kwa nyuma ya skafu paka rangi nyeupe nzito ya akriliki, vinginevyo milima itaonekana ndani ya kitambaa.

Ukimaliza, rudi kwenye dakika ya mwisho ya filamu. Mtoto amepiga magoti kando ya kofia na rundo dogo la theluji. Tazama koti lake la kulalia wakati hajisogezi: mistari bado inatetemeka. Kuna mtu aliijaza yote upya, picha baada ya picha, kwa ajili ya mtoto aliyetulia tuli.