Jiwe Nisiloliokota

Jumapili usiku.

Wiki hii nilimtisha mbwa kwa jiwe ambalo halikuwepo, na tangu siku hiyo jambo hilo halijaniondoka akilini.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, wakati ambapo mtaa wetu hapa Nakuru huwa bado una baridi ya kuuma masikio na watu njiani ni wale wale wa kila siku: kijana wa maziwa na mitungi yake kwenye pikipiki, akina mama wawili wanaokimbilia matatu ya kwanza, bawabu wa lango la buluu anayekwenda kulala, na mimi na mkoba wangu wa madaftari. Simba alikuwa amesimama mbele ya lango la kwao. Ni mbwa wa kawaida tu, wa rangi ya mchanga, mwenye sikio moja lililokatika ncha. Desturi ya nyumba yao, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi huku kwetu, ni kumfungia bandani mchana kutwa, kumfungulia usiku ili alinde, kisha alfajiri lango huachwa wazi kidogo ili atoke akajisaidie nje kabla hajarudishwa bandani. Nje, maana yake ni mbele ya malango ya wengine. Aliponiona alinguruma. Nami, bila kuwaza, nikainama na kupeleka mkono chini kama mtu anayeokota kitu, na papo hapo Simba akarudi nyuma, akafyata mkia, akapenya langoni na kutoweka.

Njia ile haina jiwe hata moja. Ilitandikwa kabro miaka kadhaa iliyopita, na kabro zenyewe zimebanana kiasi kwamba huwezi kung'oa moja bila mtaimbo. Simba alizaliwa baada ya kabro. Hata hivyo anaogopa mgongo uliopinda, kama mbwa wote wa nchi hii wanavyouogopa, nami najua kuupinda kama watu wote waendao kwa miguu katika nchi hii wanavyojua.

Nilipoinuka nilimwona mjukuu wa mwenye nyumba, mtoto wa miaka saba hivi, akinichungulia kwenye mwanya wa lango akiwa na mswaki mdomoni.

"Mwalimu, ulitaka kumpiga Simba?"

"La, mwanangu, nilikuwa namtisha tu."

"Kwani amekufanya nini?"

Nilisema nimechelewa, nikaenda zangu.

Ningeweza kumjibu. Mwaka 1994, nikiwa darasa la tano kwetu Kakamega, mbwa asiyejulikana aliniuma tafu la mguu nilipokuwa nikitoka mtoni na ndoo kichwani. Nyanya yangu hakupiga kelele wala hakuuliza mbwa ni wa nani. Alinikalisha juu ya kinu, akachukua kipande cha sabuni na jagi, akaliosha lile jeraha, akaliosha tena, akamtuma dada yangu alete maji mengine, akaendelea kuosha hadi nikadhani anataka kunitoa ngozi. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba alifanya hasa kile ambacho madaktari husema kifanywe kwanza: sabuni na maji mengi kwa dakika 15 nzima, kabla ya kwenda hospitali kuchanjwa. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate, na vikishaingia katika jeraha huipanda mishipa ya fahamu polepole kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo yaweza kuchukua wiki au miezi, na ndiyo nafasi pekee aliyo nayo mtu, kwa sababu dalili zikishaanza ni kama haiwezekani kupona. Nilidungwa sindano tano katika muda wa wiki nne, na kila mara mjomba alinipeleka kwa baiskeli. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuinama.

Lakini nataka kuandika juu ya mbwa wa pili, maana bila yeye nisingemwona wa kwanza.

Mapema mwaka huu, nyumba ya tatu kutoka kwetu ilipata mpangaji mpya, binti aliyehamia kutoka Nairobi kikazi, na binti huyo alikuja na mbwa mdogo mweupe mwenye manyoya yaliyojikunja kama sufu ya kondoo. Anaitwa Koko. Koko hufungwa mkanda kifuani na kutembezwa kwa kamba asubuhi na jioni, hulala ndani ya nyumba, na siku za baridi huvishwa fulana. Koko akijisaidia, yule binti husimama, hukunjua gazeti la zamani, huinama, hukusanya kila kitu na kwenda nacho kwenye pipa la kwao. Nilimuuliza kwa nini gazeti, akacheka na kusema kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017, na kwamba mifuko ya khaki ya dukani hailingani na karatasi nene ya gazeti la Jumapili. Nimesoma magazeti miaka mingi na sikuwahi kuyapima kwa kipimo hicho.

Basi ungetarajia kwamba, kati ya mbwa wawili hawa, mtaa ungemlalamikia yule anayezurura bila mtu, anayenguruma na kuacha vitu vyake malangoni mwa watu. Haikuwa hivyo. Mazungumzo yote ya mtaa, dukani, kwenye kibanda cha mboga na katika kundi letu la WhatsApp, yalikuwa juu ya Koko. Mama wa kibanda alisema kumvisha mbwa nguo wakati kuna watoto wasio na sweta ni kumkosea Mungu. Wavulana wa bodaboda walimwita "mtoto wa mzungu". Kinyozi aliapa kwamba amemwona binti akimwachia mbwa amlambe shavuni, na alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeripoti wizi. Mtu mmoja aliandika katika kundi kwamba hata kama Nakuru ni jiji sasa, kuna mambo ambayo hayapendezi. (Tangu tupandishwe hadhi na kuwa jiji, Desemba 1, 2021, neno hilo "jiji" limekuwa kiungo cha kila ugomvi: mwenye kufuga mbuzi huambiwa hili ni jiji, na mwenye kulalamikia muziki naye huambiwa hili ni jiji.) Mimi mwenyewe sikuandika kitu, ila nilicheka.

Koko hajamngurumia mtu. Jambo lake moja tu lililokuwa na uzito lilitokea Ijumaa moja, alipomrukia Alhaji wa nyumba ya pembeni aliyekuwa amekwisha kutia udhu na kuvaa kanzu kwenda msikitini, akamlamba upindo wa kanzu na kidole cha mguu. Alhaji alisimama pale pale. Hakumpiga teke, hakupaza sauti. Alirudi ndani, na nasikia alichelewa hotuba. Binti alidhani kwamba mzee anaogopa mbwa, akawa anamfuata akimwambia, "Hana neno, babu, anacheza tu," na kila alipolisema hilo mambo yalizidi kuharibika. Jioni mke wa Alhaji alimwita akamketisha sebuleni, akamwelezea kwamba si hofu wala chuki; katika madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito, na mahali palipoguswa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Binti alikuwa hajawahi kusikia. Sasa akimwona Alhaji anakuja huvuka upande wa pili na kuifupisha kamba, na Alhaji huinua mkono kumsalimu kutoka mbali. Mzozo wa kweli pekee ulioletwa na Koko uliisha kwa kikombe kimoja cha chai ya tangawizi. Ule mwingine, wa fulana, ungali unaendelea.

Nimejaribu kujieleza sababu yake. Nadhani Simba hatumwoni. Tumekua na akina Simba. Kero zake ni kama vumbi la Januari, kila mtu hulifagia mlangoni pake na kuendelea na siku. Tumemwandalia hata maandishi, yale ya MBWA KALI kwenye kila lango la pili (nafundisha upatanisho wa kisarufi darasani mwaka baada ya mwaka, kisha narudi nyumbani kati ya malango yanayokataa kusema "mbwa mkali"), na maandishi hayo hayamwahidi mpita njia kitu, yanamwambia tu kwamba ameonywa. Koko naye hana maandishi. Ni mgeni wa tabia, na mgeni wa tabia hutukera hata asipotugusa. Zipo kero nyingine nyingi ambazo tumezizoea kwa namna hiyo hiyo: jirani wa juu anayepiga honi saa tano usiku ili afunguliwe lango badala ya kushuka mwenyewe, bodaboda zinazopita katika njia ya waendao kwa miguu, maji ya kufulia yanayomwagwa barabarani. Nazo hatuziandiki popote.

Kwa hiyo jana, Jumamosi, nilikwenda kwa mwenye Simba. Nimeishi jirani naye miaka tisa na sijawahi kufika kwake kwa neno la mbwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Ingia, ingia. Simba yuko bandani, usiogope."

Chai ililetwa kabla sijasema shida yangu, na ukishakunywa chai ya mtu ni vigumu kumlaumu, jambo ambalo nadhani Mzee analifahamu vizuri. Nilimweleza kuhusu kutoka kwa alfajiri. Alinisikiliza akitikisa kichwa, kisha akasema kwamba mbwa wa kufungwa kamba hawezi kushika mwizi, kwamba mwaka juzi waliibiwa bomba la maji wakati Simba alipokuwa bado mtoto wa mbwa, na kwamba mbwa akijisaidia ndani ya ua, mama watoto hukosa pa kuanika nguo. Alisema yote hayo kwa upole. Halafu akaniuliza, "Lakini Mwalimu, mbona umengoja hadi leo? Siku zote unapita hapa unainama, nakuona dirishani. Nikadhani ni mgongo."

Nikameza chai.

Nilimuuliza juu ya chanjo. Aliinuka, akaleta bahasha ya kaki ambamo kadi ya Simba imekaa pamoja na risiti za kodi ya ardhi, akaifungua mezani na kuvaa miwani. Kulikuwa na muhuri mmoja, wa zaidi ya miaka miwili iliyopita. Alikuwa akiamini kwamba chanjo moja inatosha maisha yote. Nikamwambia kwamba ya mbwa hurudiwa kila mwaka, na kwamba Septemba 28 ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo ni tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule Mfaransa aliyeitengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo kwa binadamu. Mzee aliitazama kadi. Akasema Septemba ni mbali, atamwita daktari wa mifugo mwisho wa mwezi, pensheni ikiingia. Kuhusu lango la alfajiri hakusema kitu, nami sikurudia. Nilimwonyesha kovu langu kabla ya kuondoka, na mjukuu akalitazama kwa karibu sana, akalibonyeza kwa kidole, akauliza kama linauma bado.

Leo jioni nilitoka kwenda kununua mkate. Wakati wa kurudi nilimkuta yule mtoto mbele ya lango lao akiwa na Simba, na shingoni mwa Simba amemfunga kamba ya katani, ile ya kufungia magunia, yenye fundo kubwa kuliko ngumi. Alikuwa akimtembeza. Kwa kweli Simba ndiye aliyekuwa akimtembeza yeye, lakini mtoto alikuwa ameunyoosha mkono mmoja mbele na kuinua kidevu, sawasawa kabisa na mwenye Koko, na kwapani alikuwa na gazeti.

"Mwalimu, unaona? Hawezi kukufanya kitu sasa."

Nilisimama kuwapisha. Nilipokuwa nikihamisha mkate kutoka mkono huu kwenda ule, sarafu ya shilingi kumi iliniponyoka, ikadunda kwenye kabro, ikaviringika. Nikainama kuiokota.

Simba aliruka. Kamba ilimtoka mtoto mkononi, gazeti likaanguka na kurasa zake zikachukuliwa na upepo hadi kwenye mtaro, na mbwa akaingia langoni akiwa ameikokota ile katani nyuma yake. Mtoto alinigeukia, macho yamemjaa machozi.

"Umemtisha tena!"

Nilifungua kiganja nikamwonyesha sarafu. Aliitazama, akanitazama, kisha akaenda kukusanya gazeti lake.