Nilivyohakiki kuwa 2^127 − 1 ni namba tasa

Namba yenyewe ina tarakimu 39: 170141183460469231731687303715884105727. Kuijaribu kwa kuigawa kwa namba tasa moja baada ya nyingine hakufai, maana kipeuo chake cha pili pekee kina tarakimu 20. Nilitumia njia ya Édouard Lucas, Mfaransa aliyeithibitisha namba hiihii mwaka 1876, kwa namna ambayo mwanahisabati Mmarekani D. H. Lehmer aliirahisisha baadaye.

Unaanza na 4. Unaipiga mraba, unatoa 2, kisha unachukua baki la kugawa kwa namba unayoipima. Unarudia hivyo mara p − 2, ambapo p ni kipeo cha 2 (hapa 127) na lazima p yenyewe iwe namba tasa kubwa kuliko 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa, ingawa hutaambiwa vigawo vyake. Kwa kipeo 127 ni zamu 125 tu. Mimi naiona njia hii nzuri kupita kiasi.

Usikimbilie namba kubwa. Pima kwanza 2^7 − 1, yaani 127: upate 4, 14, 67, 42, 111, 0. Kisha 2^11 − 1, yaani 2047, ambayo ni 23 × 89: zamu ya 9 lazima itoe 1736. Moja ikikataa, kosa liko kwenye programu.

Kwenye programu ya majedwali nilifika salama 2^19 − 1. Kwa 2^31 − 1 majibu yaliharibika, kwa sababu majedwali hutunza tarakimu 15 tu, na mraba wa baki hufika tarakimu 19. Za mwisho hupotea kimyakimya, na baki hutegemea hizohizo. Nikahamia Python, lugha ya kuandikia programu ambayo namba zake kamili hazina kikomo hicho. Hata humo, ukigawa kwa / badala ya // unarudi kwenye desimali na kosa lilelile.

Kugawa kwenyewe unaweza kukuepuka. Ukigawa 128 kwa 127 hubaki 1, kwa hiyo 4487, ambayo ni 35 × 128 + 7, inakuwa 35 + 7 = 42. Kwa namba yetu, M, niliandika x = (x & M) + (x >> 127), yaani biti (tarakimu za 0 na 1) 127 za mwisho za x zinajumlishwa na namba inayoundwa na biti zilizobaki, mara mbili kila zamu, kwani jumla ya kwanza huweza kuzidi biti 127.

Hapo ndipo penye mtego. Zamu ya mwisho ya kupima namba 127 (2^7 − 1) ni 12319 = 96 × 128 + 31, na 96 + 31 ni 127, si 0! Kujumlisha hivi hakukipeleki kigawe chochote cha M kwenye 0, bali kwenye M yenyewe, na programu ikatangaza kuwa si tasa. Niliongeza mstari mmoja: x ikiwa sawa na M, iwe 0. Zamu ya 125 ikatoa 0. Nilirudia zote kwa alama ya baki, %, nikalinganisha zamu kwa zamu, na zote zikalingana.