Kabla hamjapitisha taarifa ya ujenzi wa darasa

Ndugu zangu wa Moshi vijijini, mkutano mkuu wa kijiji ni kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi lazima yasomwe. Msiishie kusikiliza jumla. Ombeni leja ya stoo, yaani daftari la vifaa vinavyoingia na kutoka, na hati za mapokezi, mlinganishe saruji iliyonunuliwa, iliyopokelewa na iliyotoka.

Nondo nayo huchezewa: inaletwa nyembamba badala ya nene iliyolipiwa. Pimeni kipande cha mita moja: ya milimita 12 ina karibu gramu 890, ya milimita 10 gramu 617 tu. Kamati ya mapokezi ipime kabla mzigo haujashushwa, maana zege likishamwagwa hakuna ushahidi. Inaniuma sana watoto kukalishwa chini ya lenta dhaifu, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.

Mkinyimwa nyaraka, andikeni ombi kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Jibu ni ndani ya siku 30.